Nishijin, Mimi na Mama Yusuf

Tangu nirudi hamnipi nafasi. Nikipita Ladypool Road lazima mmoja wenu anishike mkono dukani, aniulize Japani kulikuwaje, na kabla sijafungua mdomo nasoma machoni mwake kwamba swali lenyewe si Japani. Haya. Nitasimulia yote mara moja, kituo kwa kituo, halafu mniache ninunue nyama yangu kwa amani. Binti yangu Ikram amesoma kabla yenu na ameniruhusu. Mama Yusuf alikataa kusoma. Alisema, "Andika tu, mimi nilikuwako."

Kwa asiyenijua, mimi ni Rukia, nashona. Nimelelewa Eastleigh, Nairobi, nyuma ya duka la shangazi yangu la vitambaa, na hapa Sparkbrook, Birmingham, chumba chetu cha mbele hakina kochi, kina cherehani. Siku moja katika duka la mitumba Acocks Green nilinunua mshipi mpana wa Kijapani, ule wanaofunga kiunoni juu ya kimono, unaitwa obi. Nikaugeuza upande wa nyuma kuona nyuzi zilivyopita, na kazi yangu ya siku hiyo ikalala. Niliuliza huku na huko mpaka nikajua umefumwa Nishijin, mtaa wa wafumaji katika mji wa Kyoto. Tangu hapo sikutulia.

Ikram alipochumbiwa na Yusuf, mama yake Yusuf aliuona ule mshipi ukutani kwangu. Akasimama mbele yake na buibui lake na mkoba wa kazini. Huyu mama ni dereva wa basi. Amekulia Mombasa, akakaa Uholanzi miaka mingi, akaja Birmingham na mtoto mmoja na sauti inayosikika mpaka ghorofa ya juu ya basi lake. Akasema, "Mkwe, twende tukakichukue kitambaa huko huko. Koti la bibi harusi na kizibao cha bwana harusi vitoke kwenye kitambaa kimoja. Wataka nini tena?"

Mimi nilikuwa nataka hicho hicho.

Birmingham hadi Istanbul

Kama hujawahi kusafiri na dereva, usijaribu. Ndege ilipokuwa inatua, mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki chini ya kiti cha mbele. "Huyu yuaja kasi," aliniambia. Mwanamume aliyekaa dirishani akafumba macho akaanza kuomba dua kwa lugha yake.

Istanbul kulikuwa na ukungu. Tulitua vizuri, lakini baada yetu hakuna kilichotua wala kuruka. Ubao wa safari ukabadilika, safari baada ya safari, mpaka mistari yote ikawa na neno moja. Watu walilala sakafuni juu ya makoti yao. Mama Yusuf hakulala. Alizunguka, akapata chai, akapata mikate ya ufuta, akapata familia ya Wasudani waliopotelewa na mkoba, akautafuta mkoba mpaka ukapatikana kwenye kiti walichokalia. Mimi nililinda mizigo.

Hapo ndipo Ikram alipopiga simu.

"Mama, uko peke yako?"

Niliwasikia Wasudani wanacheka kule mbali na sauti ya Mama Yusuf juu ya zote, nikajibu kwamba ndiyo, kwa sasa.

Mnamjua Ikram. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, na tunaelewana. Siku hiyo alianza Kiingereza, akakwama, akaniambia kwa Kiswahili chake kilichovunjika: "Mama, mimi siwezi. Harusi. Siwezi."

Niliuliza kama Yusuf amemfanyia ubaya. Akasema hapana, Yusuf ni mtu mzuri, hilo ndilo linalomuumiza. "Tukiwa na watu tunapendeza," alisema. "Tukiwa wawili hatuna la kusema. Nimengoja lije. Haliji."

"Umemwambia?"

"Bado. Mum, please. Niache nimwambie mwenyewe. Usimwambie mama yake. Asisikie kwa mtu mwingine kabla mimi sijaongea na Yusuf."

"Lini?"

"Leo. Kesho. Akitoka shift."

Nikamuahidi. Ningefanya nini? Jambo lilikuwa lao wawili, na mwenye haki ya kuambiwa kwanza alikuwa Yusuf. Nilipokata simu, Mama Yusuf alikuwa amesimama mbele yangu na mkate wa ufuta kwenye karatasi.

"Nani? Bibi harusi?"

"Ndiye."

"Ametusalimia?"

"Amesalimia," nikasema, nikautia mkate mdomoni ili nisiongeze.

Istanbul hadi Osaka

Ukungu uliinuka, tukaondoka tukiwa tumechelewa karibu siku nzima. Safari hii ni ndefu, na mle ndani hakuna pa kukimbilia. Nilienda msalani mara nyingi hadi mhudumu akaniuliza kama ninaumwa.

Mama Yusuf, kwa upande wake, alitulia kwa mara ya kwanza. Alivua viatu, akajifunika, akaanza kuzungumza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. Alinieleza Uholanzi. Baba yake Yusuf aliondoka mtoto hajaanza shule. Yeye alikuwa anafagia maofisi alfajiri, na mtoto anamlaza kwenye makoti ya watu wa ofisi kabla wenyewe hawajafika. Yusuf alijifunza kukaa kimya, akakizoea kimya.

"Nilikuwa nikimtazama mezani," alisema, "nikasema mwanangu huyu atakuja kuzeeka peke yake, mimi ndiye niliyemfunza. Kisha akamleta Ikram nyumbani. Walahi, mkwe, usiku ule nililala."

Nilimshika mkono. Ningefanya nini kingine? Nilimshika mkono huku najua, na yeye akadhani nimeguswa. Nilikuwa nimeguswa, na nilikuwa najua, mambo mawili kwa pamoja. Nikafungua filamu kwenye skrini ya kiti, nikaifunga. Nikafungua ramani ya ndege, nikaona tunakwenda polepole juu ya mahali pasipo na jina.

Osaka hadi Kyoto

Treni ya kutoka uwanjani ina adabu kuliko msikiti wetu. Hakuna anayeongea na simu. Nilikuwa na simu mfukoni, inatetemeka, siwezi kuipokea. Ilikuwa Ikram, akaishia kuandika: bado hajamwambia. Yusuf ameongezewa kazi, amelala, hataki kumwamsha kwa habari kama hiyo. Nikamwandikia, Ikram, leo. Akanitumia moyo. Moyo ni jibu gani?

Chakula sasa. Tulikuwa tunaogopa nguruwe na pombe, na mchuzi wao mwingi unatiwa mvinyo wa kupikia, kwa hivyo siku ya kwanza tulikula wali uliofinyangwa pembetatu, umefungwa majani meusi ya baharini, ndani samaki. Nilimeza matonge matatu bila kujua ninakula nini. Mama Yusuf alitoa chupa ya basbaas mkobani, pilipili yake ya kijani anayoisaga mwenyewe, akaweka mezani kama mtu aliyefika kwake. Mwenye duka, bibi mdogo mwenye aproni, akaashiria anataka kuonja. Alionja. Akakaa chini. Akainuka, akaleta kibakuli, akaomba zaidi.

Halafu basi. Lazima niwaeleze kuhusu mabasi ya Kyoto, kwa sababu bila hayo hamtaelewa mwisho wa siku ile. Unapandia mlango wa katikati, unashukia wa mbele, unalipa ukishuka. Dereva ana glavu nyeupe na kipaza sauti kidogo mdomoni, na kila anachofanya anakitangaza kwa sauti ya chini: tunaondoka, tunakata kushoto, tafadhali jishikeni. Mama Yusuf alisimama karibu naye njia nzima. Tuliposhuka macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Umesikia? Yuawaambia! Mimi Stratford Road nikiwaambia abiria jishikeni, wanitukana."

Nishijin

Nilidhani nitaona mtaa wenye milango wazi na vitambaa vinapepea nje. Hakuna. Ni vichochoro vya nyumba za mbao, nyembamba mbele, ndefu kwenda ndani, madirisha yana fito. Kimya. Nikaanza kusema tumekosea njia. Mama Yusuf akaniinulia kidole. Nyuma ya ukuta mmoja kulikuwa na mlio wa mbao za kufumia, tata-tan, tata-tan, na tulipokwenda mbele ukafifia, ukaanza mwingine nyumba ya tatu. Nilisimama katikati ya njia mkono kifuani. Wiki nzima ile, dakika hiyo ndiyo pekee niliyosahau simu.

Tulikuwa na miadi na mzee mmoja mfumaji, Bwana Morita, na mkewe. Tulikuwa tumechelewa siku moja kwa ajili ya ukungu, na bado walitungoja mlangoni. Lugha yetu ilikuwa simu ya Mama Yusuf: unasema Kiswahili, inatoa Kijapani, unavyobahatika.

Mama Morita alitutazama mmoja mmoja, akaongea na simu. Simu ikasema, "Hongera kwa ndoa yako," ikielekezwa kwa Mama Yusuf. Mama Morita akarudia akimwinamia, maana alimwona ndiye mwenye furaha zaidi. Mama Yusuf alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwambie niko tayari! Mwambie alete wanaume!"

Kitanda cha kufumia kinajaza chumba kutoka sakafu hadi paa, na juu yake zinaning'inia kadi zenye matundu, moja baada ya nyingine kama ngazi, zinazoamua uzi upi uinuke. Bwana Morita anafuma huku upande wa nyuma wa kitambaa umemwelekea yeye. Uso wa kitambaa uko chini, hauoni. Ameweka kioo kidogo sakafuni, na akitaka kujua ua limetokaje anainama, anachungulia. Nilipiga magoti nikachungulia pia. Juu kulikuwa na vurugu la nyuzi zilizokatwa, na mle kiooni kulikuwa na korongo wa dhahabu amekunjua mbawa. Dhahabu yenyewe ni karatasi iliyopakwa, ikakatwa vipande vyembamba kama nywele, ikaingizwa kipande kimoja kimoja kwa kijiti. Alinionyesha kucha zake. Mbili amezichonga meno kwa tupa, ili zisukume uzi mahali pake pale ambapo chanuo la kukazia nyuzi ni kubwa mno.

Kisha wakatuletea majora ya vitambaa. Mama Yusuf hakusita. Alichagua jekundu lililokolea, lenye mawimbi ya dhahabu. Akalipima kifuani kwangu, akalipima kifuani kwake, akauliza kama upana ule mdogo utatosha koti. Nikamweleza nitaunga katikati mgongoni, nitalinganisha mawimbi. Mdomo wangu ulikuwa unashona. Akili yangu ilikuwa Birmingham.

Bwana Morita akatandaza jora mezani. Simu ikatafsiri: kikikatwa hakirudi. Akachukua mkasi.

"Ngoja," nikasema.

Wote wakanitazama.

"Ngoja kidogo. Nikaangalie vipimo vya Ikram."

Nilitoka uani, penye mti mdogo na pipa la maji, nikapiga. Birmingham kulikuwa kunapambazuka. Ikram alipokea akiwa analia.

"Nimemwambia," alisema. "Sasa hivi. Ametoka tu hapa."

"Amesemaje?"

"Amesema alikuwa anajua. Amesema asante."

Sikupata nafasi ya kuuliza asante ya nini. Kupitia mlango wa karatasi nilisikia simu ya Mama Yusuf, ile ile ya kutafsiri, inalia mezani. Nilisikia "Mwanangu!" kwa sauti yote.

Nilipoingia alikuwa amesimama, jora jekundu bado liko begani mwake. Alisikiliza mpaka Yusuf alipomaliza. Akasema, "Umekula? Haya. Nenda ukalale." Akaweka simu chini.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu Istanbul."

Alishusha kitambaa begani taratibu, akakikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akawainamia wale wazee, akavaa viatu, akatoka. Simu alichukua. Kwa hivyo nilibaki na watu wawili wenye mkasi na chai, sina neno hata moja la kuwaeleza.

Kituo cha basi

Nilimtafuta vichochoro vyote vile. Nilichungulia duka la tofu, nilichungulia hekalu dogo, niliuliza kwa mikono: mwanamke, mrefu, buibui jeusi. Watu walinielekeza kwa adabu, kila mmoja upande wake. Alikuwa hapokei simu. Nilijiambia amerudi tulikofikia, nikakimbia huko, hayuko. Nikarudi barabara kubwa, miguu inawaka, nikafika kituo tulichoshukia asubuhi.

Mwanafunzi wa kike aliyevaa sare aliangalia picha ya Mama Yusuf kwenye simu yangu, akaitikia kwa kichwa mara nyingi, akaonyesha basi linaloondoka, kisha akachora duara hewani kwa kidole. Sikumwelewa. Akachora tena. Akanivuta mpaka kwenye ramani ya kituo, na hapo nikaona: basi lile linazunguka mji wote na kurudi pale pale.

Nikakaa. Yalikuja mabasi, yakafungua milango, yakatoa wazee na watoto wa shule na watalii, hayakumtoa. Taa za barabarani ziliwaka. Sijui ni mangapi yalipita. Niliposimama kumuuliza dereva mmoja, nyuma yake likaja jingine, na Mama Yusuf akashuka mlango wa mbele, analipa kwa sarafu, anamshukuru dereva.

Alinikuta, hakushangaa. Akakaa mwisho mwingine wa benchi.

"Mimi nikikasirika huendesha," alisema. "Huku sina basi."

"Ikram aliniomba nisiseme kabla yeye hajamwambia Yusuf."

"Najua. Yusuf amenieleza. Sina neno na Ikram. Uchumba huvunjika, si wa kwanza." Aligeuka akanitazama. "Ile ndege. Nilikufungulia moyo wangu ndani ya ile ndege, Rukia. Makoti ya ofisi sijapata kumwambia mtu. Na wewe wajua. Wanishika mkono, wajua. Si ungesema hata umechoka, wataka kulala?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu. Nilimwambia ukweli: kwamba nilitaka kusikia. Kwamba nilikuwa nimemzoea kama basi lenye kelele, na pale nikamwona mtu, na sikutaka anyamaze.

Hakusema amenisamehe. Alisema, "Twende tukale, nina njaa." Tulikula tofu ya moto kwenye chungu, yeye na basbaas yake, na hakunipitishia chupa mpaka nilipoomba.

Siku iliyofuata

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimkuta amevaa.

"Wale wazee," alisema. "Tuliwaacha na mkasi mkononi. Lazima tuwaeleze."

Bwana Morita na mkewe walitukaribisha kama jana, ila hawakutabasamu, walikuwa wanatusoma nyuso. Mama Yusuf akashika simu akasema pole pole, ili isikosee: "Samahani kwa jana. Harusi hakuna. Mwanangu amempoteza mchumba wake."

Simu ikatafsiri.

Mama Morita alifunika mdomo kwa mikono miwili. Bwana Morita akainama mpaka paji la uso likakaribia mkeka, akabaki hapo. Mama Morita akasogea kwa magoti mpaka kwangu, mimi mama wa binti, akanishika mikono, machozi yanamtoka, ananiambia maneno ambayo sikuhitaji simu kuyajua.

Nikaruka. "La! Hapana! Hajafa! Astaghfirullah, yu hai!" Nilipekua simu yangu, nikatoa picha ya Ikram ya wiki ile, amekaa jikoni kwangu anakula chipsi, mdomo umejaa. Nikamwonyesha Mama Morita, nikamwonyesha mumewe. "Huyu! Mzima! Anakula!"

Mama Morita alitazama picha, akanitazama, akaanza kucheka huku machozi bado yanashuka, akampiga mumewe begani ainuke. Mzee akainuka, paji jekundu, akacheka naye. Mimi nilikaa chini, simu bado mkononi.

Mama Yusuf hakucheka. Alichukua simu yangu mkononi, akaisogeza ile picha karibu na macho.

"Yu hai," alisema. "Walahi ni kweli. Yu hai, na wangu yu hai, yuko nyumbani amelala." Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti yake yote, ile ya ghorofa ya juu, na Mama Morita akamsogezea kikombe cha chai kila alipopumua.

Baadaye Bwana Morita alimkalisha kwenye kitanda cha kufumia, akamwonyesha pedali. Mguu wake wa kulia ulikanyaga kwa nguvu mno. Mzee akashtuka, akasema kitu, akaonyesha kwa kiganja: taratibu, taratibu. Mama Yusuf akapitisha uzi mara kadhaa, akainama kwenye kioo, akaona alichofanya.

"Kibaya," akasema. "Njoo uone kibaya hiki, Rukia."

Nilichungulia. Kilikuwa kibaya kweli. Nikamwambia.

Jekundu lilirudi kabatini. Kabla ya kuondoka alitafuta mwenyewe kwenye rafu, akatoa kipande cha kijivu chenye majani ya mianzi, hakina dhahabu hata kidogo, akamwambia mzee akate. Nikamuuliza ni cha nani.

"Changu," alisema.

Kurudi Birmingham

Safari ya kurudi haikuwa na ukungu. Alilala kutoka Osaka hadi Istanbul, mdomo wazi, kichwa kimeniegemea, na bega langu likafa ganzi nisilisogeze. Nilichokihofia ni kutua. Nilimjua Ikram: angekuja kunipokea. Na nilijua Yusuf hawezi kumwacha mama yake apande teksi.

Tulipotoka na mizigo niliwaona kabla hawajatuona. Walikuwa wamesimama pamoja, wamekuja na gari moja, la Yusuf. Kila mmoja mikono mfukoni. Yusuf alikuwa amekonda. Ikram aliponiona alitaka kukimbilia kwangu, kisha akamwona aliye kando yangu, akasimama pale pale.

Mama Yusuf alimpita mwanawe. Akaenda moja kwa moja mpaka kwa binti yangu, akasimama mbele yake, na mimi nikaachilia mpini wa kigari cha mizigo.

"Miguu imenivimba," alimwambia. "Nishike, nisianguke."

Ikram akampa mkono. Mama Yusuf akaegemea kwa uzito wake wote, wakatangulia polepole kuelekea kwenye gari, na mimi na Yusuf tukafuata nyuma na mizigo.